Leseni ya Rubani

Kama kuna adhabu inayozidi kumfundisha kaka yako mkubwa kuendesha gari, mimi sijaiona, na sitaki kuonyeshwa.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Wanafunzi wananiita Mama Kioo, kwa sababu kutwa nzima nawapigia kelele: kioo! tazama kioo! Nimefundisha watu wanaotetemeka mpaka gari zima linatetemeka nao. Nimemfundisha daktari wa meno ambaye kila akiona tuta alisimama kabisa, kama anayeliomba ruhusa. Nimemfundisha fundi cherehani aliyekanyaga mafuta kama anakanyaga cherehani, kanyaga acha, kanyaga acha, mpaka kifungua kinywa changu kikataka kurudi kilikotoka. Hao wote niliwavumilia. Kaka yangu alinishinda siku ya kwanza, tena kabla hajawasha gari.

Mtaani kwao anaitwa Rubani. Walimpa jina hilo kwa kumcheka, yeye akalipokea kama cheo. Alianza kuendesha mimi nikiwa bado nafungwa kamba za viatu, na hilo hajaacha kunikumbusha. Hajawahi kugonga mtu, anasema. Ni kweli. Lakini waliomkwepa, wakaingia mtaroni au wakarukia ukingoni na mizigo yao, hao hawahesabu. Kwake yeye ajali ni mpaka bati liguse bati.

Sasa siku moja Rubani alikuta foleni ndefu kwenye taa za barabarani. Foleni si ya watu kama yeye. Akatoka kwenye mstari, akaipita foleni yote kwa upande wa wanaokuja, honi juu. Na kati ya magari yote ya dunia hii, lililokuja mbele yake likiwa na haki yake ya barabara lilikuwa gari la trafiki. Wakasimama pua kwa pua. Hakimu hakutaka maneno mengi: akaifungia leseni mpaka Rubani asome upya na afanye mtihani, kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Ningecheka mpaka nilie, kama si wifi yangu.

Wifi yangu, yaani mke wake, figo zimemgomea. Mara tatu kwa wiki lazima avuke mji mzima mpaka hospitali kubwa, akae kwenye kiti karibu na mashine inayomsafisha damu, saa nyingi, halafu arudi nyumbani akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Siku ya mashine haina udhuru. Akikosa, miguu inavimba na pumzi zinakuwa nzito, analala ameketi. Miaka yote hii aliyempeleka ni kaka. Leseni ilipofungwa wakaanza kutegemea teksi ya mzee mmoja wa jirani, mtu mzuri, anaendesha kwa adabu, ila gari lake linaumwa kuliko abiria. Leo liko barabarani, kesho liko gereji, na mimi siku za kazi siwezi kuwaacha wanafunzi wangu. Kwa hiyo leseni ile haikuwa ya Rubani peke yake. Ndiyo maana nilikubali kumfundisha, shingo upande.

"Hivi vibao vya L viondoe," alisema siku ya kwanza, amesimama nje ya gari la shule, hataki hata kuligusa.

"Ni sheria, kaka. Wewe ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi! Na mvi hizi?"

"Mvi zako hazijui kusoma alama za barabarani. Ingia."

Akaingia. Akavuta mkanda, akaupitisha kifuani vizuri kabisa, halafu ncha yake akaikalia. Hakuuchomeka. Ameukalia!

"Kaka, chomeka mkanda."

"Nimeuvaa, huuoni?"

"Umeukalia."

"Huu ni mkanda wa trafiki, mdogo wangu. Ukiwaona unauvuta, ukiwapita unauachia. Unanibana kitambi."

Damu ikanichemka. Nilimwambia kwamba siku gari likisimama ghafla, trafiki hatakuja kumshikia kifua asiende kupasua kioo kwa kichwa. Akachomeka, huku akinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemridhisha mtoto ili anyamaze. Kisha akavuta kofia mpaka kwenye nyusi na kuniomba tupite njia ya nyuma, wasimwone mtaani akiwa na L.

Gari la shule lina breki ya pili upande wangu, chini ya mguu wangu. Kwa kawaida naigusa mara chache kwa somo zima. Kwa kaka nilirudi nyumbani nachechemea. Anamfuata wa mbele mpaka unaweza kusoma tarehe ya bima yake kiooni. Taa ikigeuka njano, kwake ndiyo ruhusa ya kukimbia. Nikimwambia acha nafasi, ukihesabu sekunde mbili tatu kati yako na aliye mbele, ananijibu kwamba ukiacha nafasi mwingine anaingia.

"Na aingie! Akiingia unapungukiwa nini?"

"Heshima."

Heshima! Jamani, mtu yuko tayari kufa kwa ajili ya nafasi ya urefu wa gari moja. Kwenye vivuko vya waenda kwa miguu alikuwa hapunguzi mwendo, anapiga honi. Nikamuuliza, honi ya nini na yule mama ameshaweka mguu kwenye mistari? Akasema anamsalimia. Simu ikilia mkono unaondoka wenyewe kwenye usukani. Nikamnyang'anya simu, nikaitia kwenye mkoba wangu. Akanuna njia nzima, mtu wa umri ule, mdomo mbele.

Lakini sitamsingizia. Mikono anayo. Kurudi nyuma kwenye uchochoro ambao hata baiskeli ingefikiria mara mbili, anaingia kama anasukuma droo. Gari analisikia. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Ningekuwa nafundisha asiyejua, ningesema bado hajajua. Huyu anajua, hataki.

Basi tukasonga hivyo, kwa ugomvi, mpaka ikafika siku ya mtihani. Mtahini ni afande mmoja mkimya, mwenye sare iliyonyooshwa mpaka unaogopa kumgusa. Tumefahamiana kazini kwa muda mrefu. Aliniruhusu kukaa nyuma kwa sharti la kufunga mdomo. Unajua ugumu wa sharti hilo kwa mtu kama mimi? Nilijiuma ulimi kabla hatujatoka getini.

Na Rubani, lo, siku hiyo aliendesha! Mkanda umechomekwa. Vioo vimetazamwa, indiketa imewashwa mapema, kwenye kivuko amesimama akawaacha wanafunzi wa shule wapite wote mpaka wa mwisho aliyekuwa anavuta kamba ya kiatu. Kwenye mzunguko akangoja waliokuwa ndani watoke. Nikasema moyoni, kumbe alikuwa ananisikia, mshenzi huyu. Wifi yangu atafika kwenye mashine yake bila kubembeleza teksi. Nilianza hata kutabasamu kule nyuma.

Tukapita mahali ambapo trafiki wawili walikuwa wamesimama kivulini na kifaa chao cha kupimia mwendo kasi. Kaka akapita taratibu, sawasawa kabisa. Mbele kidogo, magari yakawa yanakuja kutoka upande wa pili. Hapo mkono wa Rubani ukaenda wenyewe. Akapiga taa. Mara mbili, fasta. Na gari lililofuata akalipigia taa, akaongeza na kidole kuonyesha chini, ile alama ya madereva: punguzeni, wapo.

Afande akaacha kuandika. "Unampigia nani taa?"

"Wenzangu, afande," kaka akajibu, tena kwa ukarimu, bila wasiwasi hata chembe. "Trafiki wamejificha pale nyuma. Nawaokoa."

"Na mimi ni nani?"

Kaka akamtazama. Akaitazama sare. Unaona kabisa mtu anatafuta pa kutokea, na barabara imefungwa pande zote. "Wewe uko humu ndani, afande," akasema. "Wewe huhusiki."

Nilijifunika uso na mkoba. Afande hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba katika hao aliowaokoa huenda mmoja amelewa, mmoja hana breki, mmoja anakimbiza gari kupita kwenye soko la mbele, na kwamba watapunguza mwendo mpaka pale kivulini tu, wakishapita watakanyaga tena kwa amani, kwa hisani ya Rubani. "Rudi ofisini," akamalizia. "Taratibu."

Ameanguka. Arudie baada ya mwezi.

Mnadhani alijuta? Wapi! Njia nzima alikuwa analaani. Yule afande hana utu. Barabarani watu husaidiana, huo ndio udugu wa madereva, tangu zamani. Halafu tulipofika akazima gari, akanigeukia, sauti imelainika ghafla.

"Mdogo wangu. Wewe na yule bwana mnajuana."

"Tunajuana."

"Basi zungumza naye. Simu moja tu. Sisemi umpe chochote, Mungu apishe mbali. Mweleze hali ya wifi yako. Ni binadamu, ataelewa. Anipitishe."

"Kaka, umeangushwa kwa haki."

"Haki!" Akapiga usukani. "Juzijuzi hapa teksi haikuja. Wifi yako amekaa mlangoni na mkoba wake tangu asubuhi, amevaa, anaitazama barabara. Tumefika hospitali zamu yake imekwenda, wamemwingiza kwa kuwaomba. Unataka siku moja asiingizwe? Mtu wako mwenyewe afe ili wewe ubaki na vioo vyako?"

Nilishuka nikaubamiza mlango. Maneno yale yaliniingia, siwezi kusema uongo. Sikulala vizuri. Nilikasirika naye, nikamkasirikia afande, nikajikasirikia mimi mwenyewe niliyemaliza miaka yangu yote nikiwaambia watu barabara haimjui mtu. Barabara haimjui mtu, sawa, lakini mimi wifi yangu namjua. Ameninyoa nywele nilipougua, amekaa na mimi nilipofiwa. Kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Nitapiga. Mara moja tu, kwa ajili yake.

Nikaona nipitie kwake kwanza nimpe habari njema. Nilimkuta amejilaza kwenye kochi, mkono wa sindano ameuweka juu ya mto, bendeji bado mbichi. Kaka alikuwa ametoka. Amekonda wifi yangu, mikono imebaki mifupa, lakini macho yake yale yale, hayakosi kitu.

"Una sura ya mtu aliyeiba kuku," akaniambia.

Nikaketi, nikamweleza. Nikatoa simu, namba ya afande ishafunguka kwenye kioo. "Nampigia hapa hapa mbele yako. Mwisho wa juma mume wako ana leseni. Habari ya teksi imekwisha."

"Usimpigie," akasema wifi.

Nilidhani anaona haya. Nikamwambia asijali, mimi na afande tunaheshimiana, hataona vibaya.

"Nimesema usimpigie, wifi. Sikia." Akajiinua kidogo, akashika mkono wangu ulioshika simu, akaubana. "Tangu aanze kunipeleka yule mzee wa teksi, nafika hospitali nikiwa mtu. Anachelewa, ndiyo. Siku nyingine haji. Lakini nikiwa ndani ya gari lake nasinzia. Unajua mara ya mwisho kusinzia ndani ya gari la kaka yako ilikuwa lini? Sijawahi. Wakinipima shinikizo la damu pale hospitali, manesi walikuwa wanashangaa kila mara, mbona liko juu hivi na umekaa tu kwenye gari. Nawaambia nimepanda ngazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mume wangu ananitia hofu? Anaacha shughuli zake zote kwa ajili yangu. Analala kwenye benchi la hospitali mpaka shingo inakakamaa. Mtu anayekutendea hivyo utamwambiaje kwamba ukiwa naye garini unaona kifo?"

"Yeye hukumwambia?"

"Nilimwambia. Zamani, nikiwa na mimba ya kwanza. Nikamwambia baba watoto, naogopa. Akacheka. Akakanyaga mafuta, anionyeshe kwamba hakuna cha kuogopa. Sikusema tena. Figo zinaniua taratibu, wifi, nimeshazizoea. Wewe usinipigie simu ya kunimaliza haraka."

Jamani. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi kama mpumbavu. Halafu hasira ikanipanda, si kwa wifi, hapana. Nilimkasirikia kaka mpaka ncha za kucha. Nilikuwa namfundisha sheria, alama, nafasi, mwendo, na yeye ananijibu heshima na udugu wa madereva, na nyuma yake miaka yote kuna mtu anakufa kimya kimya kwa hofu, na wala hajui. Nikafuta namba ya afande kwenye kioo.

"Siku ya mashine ni kesho," nikamwambia. "Nitakuja na gari la shule. Yeye ataendesha, mimi nitakuwa na breki yangu, wewe utakaa nyuma. Lakini kwa sharti. Kila ukiogopa, useme. Si kwangu. Useme tu, usikike."

"Ataudhika."

"Na audhike! Mimi niko pale."

Alifikiri sana. Mwisho akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekubali kuchomwa sindano.

Asubuhi yake kaka alifurahi. Alidhani nimeshazungumza na afande na hii ni safari ya kujipasha moto. Hata vibao vya L hakuvisema. Akamfungulia mkewe mlango wa nyuma, akampangia mto chini ya mkono, akamfunga mkanda mwenyewe kwa upole ambao ungemliza jiwe. Halafu akakaa mbele, akatia gia ya nyuma, akarudi barabarani kwa mkupuo mmoja, mkono mmoja kwenye usukani.

"Naogopa," wifi akasema.

Kaka akageuka. "Nini?"

"Tazama mbele," nikamwambia. "Amesema anaogopa."

"Anaogopa nini? Hata hatujaanza safari!" Akacheka. Nikasikia wifi amevuta pumzi kule nyuma, nikajua anayakumbuka yale ya zamani, nami nikauweka mguu wangu tayari juu ya breki yangu. Hakukanyaga mafuta. Lakini cheko lake lilikuwa lile lile.

Tukaingia barabara kubwa. Mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba vyuma virefu, ncha zake zinatazama kwetu, na kaka akaifuata kwa karibu kama anataka kuipa mkono.

"Naogopa."

"Sasa hapa unaogopa nini, mama watoto? Gari liko mikononi mwangu."

"Akifunga breki," wifi akasema.

Pikapu ikasogea mbele kidogo, nikaona pengo limeingia, kisha likakua. Kwenye kivuko cha sokoni mtu mwenye beseni kichwani alikuwa ameshaingia kwenye mistari, na mkono wa kaka ukaenda kwenye honi.

"Naogopa."

"Wewe uko ndani ya gari! Aogope anayevuka!"

"Nimeshawahi kuwa mimi ninayevuka," wifi akasema.

Breki. Aliikanyaga yeye, si mimi. Mwenye beseni akavuka, hata hakututazama. Mishipa ya shingo ya kaka ilikuwa imemsimama, na mimi namjua, hiyo ni hasira. "Hili ndilo mlilopanga," akaniambia kwa meno yaliyofungwa. "Mmenifanya kichekesho." Nikamwambia aendeshe. "Naendesha! Nani anaweza kuendesha huku anasemwa kila hatua?" Nikamwambia tena aendeshe, na kwamba hakuna aliyemsema, kuna mtu anayesema habari zake mwenyewe. Akaguna. Hasira nayo ina mguu, na mguu wa kaka uko kwenye mafuta. Gari likaanza kukimbia.

Ule mpando wa kuelekea hospitali una lori kila wakati. Siku ile lilikuwa la saruji, linapanda linakohoa, moshi mweusi. Mstari wa katikati ni mzima, hauruhusu kumpita mtu, na kileleni huoni kinachokuja. Kaka akawasha indiketa. Akatoa pua nje. Nikaona barabara tupu mpaka kileleni, na kileleni hakuonekani kitu, na najua hakuonekani kitu maana yake si kwamba hakuna kitu. Mguu wangu ukashuka.

"Naogopa, baba watoto," wifi akasema. Kwa sauti ndogo kabisa. Hakuwa anamwambia mume wake anayeendesha, alikuwa kama anayemwomba mtu ambaye hayupo.

Kaka akarudisha gari nyuma ya lori kabla breki yangu haijagusa. Wakati huo huo basi likatokeza kileleni, likashuka kwa kasi upande ule tuliotaka kuingia, likatupita kwa upepo wa kutikisa vioo. Lori lilipanda, nasi tukapanda nyuma yake, polepole, tukila moshi wake. Kaka akainua macho kwenye kioo cha ndani. Nilidhani anatazama magari ya nyuma. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Mbona umefumba macho?" akamuuliza.

"Hapa huwa nafumba."

"Hapa wapi?"

"Hapa mlimani. Na kwenye mzunguko. Na pale kwenye taa, ukiona njano." Hakuwa analaumu, alikuwa anataja tu, kama mtu anayeeleza njia. "Nafumbua tukifika getini."

Kaka alitafuta mahali palipo salama kando ya barabara, akatazama kioo, akatazama begani, akawasha indiketa, akaingia, akasimama. Akavuta breki ya mkono. Akazima gari. Yote hayo alifanya sawasawa.

"Siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

Akafungua mdomo. Nikaona limemjia, ile siku, ile mimba ya kwanza, mafuta aliyoyakanyaga. Akaufunga mdomo. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani, mabega yakaanza kumpanda na kushuka, na mimi nikageukia dirishani, kwa sababu kaka yangu mkubwa sijawahi kumwona hivyo na sikuona kwamba nina haki ya kumwona. Nilikuwa nimemjia na hasira ya kutosha wiki nzima. Sikujua niipeleke wapi.

Wifi akanyoosha ule mkono wa bendeji, akamgusa bega.

"Washa gari," akasema. "Mashine haitaningoja."

Kaka akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akaushika ufunguo, lakini hakuugeuza. Alikaa hivyo, anaitazama barabara iliyo mbele yake.

"Niendeje?" akamuuliza.

"Polepole," wifi akasema. "Nitakwambia."